Sauti Tu

Siku ya harusi yangu baba yangu alisimama akazungumza mbele ya watu wote, na ni mimi peke yangu ambaye sikumsikia. Nilikuwa nimepelekwa kubadilishwa gauni. Kwetu bibi harusi hakati keki na gauni alilotoka nalo kanisani. Lazima mashangazi wamfungie chumbani, wamvue, wamvishe jingine, wambane palipolegea na wamlegeze palipobana, na huko nje programu haingoji mtu. Kupitia ukutani nikasikia watu wakicheka sana. Kisha wakanyamaza kimya. Niliporudi hemani Baba alikuwa ameshaketi anakula kuku, na Mama anajifuta macho kwa kitambaa cha meza.

Nikauliza amesema nini, kila mtu akanipa lake. Kaka yangu mkubwa alisema mzee alitoa vichekesho vyake vya kazini. Mama mkwe alisema, amenuna kidogo, kwamba alimwonya mwanawe. Mama alisema, "Maneno ya wazazi tu. Na ng'ombe." Mume wangu, ambaye ndiye aliyekuwa anaambiwa, alikiri kwamba miguu ilikuwa inamtetemeka na hakushika hata neno moja. Nikamwendea Baba mwenyewe. Akanicheka. "Si hukuwepo? Shauri yako. Utajionea kwa video."

Video ilipokuja, mpiga picha alikuwa ameweka wimbo wa kwaya juu ya hotuba yote. Ati ndio mtindo. Baba anaonekana polepole, mdomo unafunguka na kufungika kama wa samaki kwenye karai, na kwaya inaimba. Nilitaka kwenda kumkaba mtu yule. Lakini Baba alikuwepo, mzima, tena anaongea kupita kiasi, na mtu ambaye yupo huna haraka naye. Kila nikimkumbusha ananipiga chenga, mimi nacheka, tunaendelea na mengine. Miaka ikapita tukizaa na kulea.

Kisha kiharusi kikamshika. Sijui ni nani aliyeupa ugonjwa huo jina linalofanana hivyo na harusi. Daktari alipolitaja mimi nilisikia harusi, nikamuuliza harusi gani, mume wangu akanikanyaga mguu. Ulichukua mkono wake wa kulia, ukachukua na maneno. Likabaki moja tu, "ehe", na hilo analitumia kwa kila kitu: nataka chai ni ehe, sitaki ni ehe, zima hiyo televisheni ni ehe. Kichwani yuko sawa kabisa, ukimtazama machoni unajua. Anaelewa yote na hawezi kurudisha chochote, na hilo ndilo lililokuwa linanitoa machozi bafuni.

Tukawatoa mtaa wa Huruma yeye na Mama, tukawaleta kwetu Kayole, vijana wa ploti, jengo letu la kupanga, wakambeba Baba kwenye kiti mpaka gorofa ya tatu. Mchana hulala sana. Basi mimi, mwenye mdomo unaojulikana ploti nzima, nikageuka askari wa kelele. Watoto wakikimbia, nawanyamazisha. Wakicheka, nawanyamazisha. Na nisipowanyamazisha mimi, yupo jirani wa chini, mama mmoja asiyevumilia hata kijiko kikianguka. Yeye hugonga dari yake kwa mpini wa ufagio mpaka vikombe vyetu vinatikisika, na mimi hujibu kwa adabu, "Pole mama," kupitia sakafuni.

Mwaka huu yule mpiga picha akanipigia simu. Anafunga studio yake ya Tassia, anarudi kwao kulima, na katika kusafisha mashine amekuta hotuba za harusi yetu zikiwa mbichi, kabla hajazikatakata. Mbichi ndilo neno alilotumia, kama anazungumzia nyama. Nikamuuliza, "Na sauti imo?" Akasema imo yote. Nikamwachia mume wangu ugali motoni nikaenda. Alininakilia kwenye flashi huku mashine yake ikikwaruza ndani kama panya kwenye dari, na alipojaribu kuiwasha tena baadaye ilikataa katakata. "Bahati yako," akaniambia. Niliishika flashi ile mkononi njia nzima, sikuthubutu kuitia mfukoni.

Kompyuta yetu ni ya mezani, tuliipata ikiwa imeshazeeshwa na ofisi fulani, na kazi yake ni katuni za watoto. Imejaa katuni mpaka haiwezi kumeza kitu kingine, ndiyo maana nilitaka kuifungulia video mle mle kwenye flashi. Nikamsogeza Baba na kiti chake. Mama akavaa miwani. Nikabofya. Kompyuta ikaleta kidirisha cheupe na maneno ya Kiingereza, ambayo kwa lugha yetu yanasema fomati ya faili hili haitambuliki.

Haitambuliki vipi? Nikabofya tena, kwa nguvu zaidi, kana kwamba ilikuwa haijanisikia. Haitambuliki. Nikamwambia Mama, nikamwona naye ananitazama kama mimi ndiye niliyeikataza. "Ipanguse," akasema. "Zile sidii zetu zilikuwa zinapanguswa." Nikamwambia hii si sidii. Akasema kupangusa hakudhuru. Nikaipangusa kwa kanga. Nikaipuliza. Nikaona mwisho wa jina la faili kuna herufi tatu ambazo sijawahi kukutana nazo, nikazifuta nikaweka zile za katuni, kwa sababu katuni zinafunguka. Kompyuta ikanionya, nikaipuuza, bado ikakataa, nikarudisha herufi zilivyokuwa kabla sijaharibu zaidi. Baba alikuwa amekaa ananiangalia tu. "Ehe," akasema, na sikujua ni ehe ya pole au ya kunicheka.

Chini ya ploti yetu kuna duka la muvi, mwenyewe ni jamaa mmoja wa makamo anayejaza watu muvi kwenye flashi. Nikamshukia. "Niaje, madam," akasema bila kuinua macho. Nikamweleza. Akaitazama faili kidogo tu, akasema hakuna noma, hiyo imekosa kodeki. Nilitikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Akaniwekea programu ya kufungulia video, akasema hiyo haikatai kitu. Nilipofika juu Mama akauliza shida ilikuwa nini, nikamwambia ilikosa kodeki.

"Kodi ya mwezi gani?" Mama akauliza, ameshtuka kwelikweli.

Nikashindwa kumweleza, maana mwenyewe nilikuwa sijui kodeki ni mnyama gani. Nikaweka ile programu, nikabofya, na safari hii picha ikatokea. Baba yangu huyo, amesimama, suti ya kahawia, mrefu kuliko nilivyomkumbuka. Mkono wa kulia, ule ambao sasa unalala mapajani, umeshika maikrofoni. Mdomo unakwenda. Sauti hakuna. Nikaongeza sauti ya spika mpaka mwisho, zikatoa mvumo tu. Nikaweka katuni, katuni ikapiga kelele jirani akagonga. Nikarudisha harusi, kimya. Hapo ndipo nilichanganyikiwa kabisa. Mwanzo hakuna picha wala sauti, sasa kuna picha bila sauti, na mpiga picha ameniapia kwamba sauti imo yote. Imo wapi?

Tukaitazama hivyo hivyo, bubu. Baba wa kwenye kompyuta alisema jambo, kisha akaziba mdomo kwa kiganja, watu nyuma yake wakacheka, meno yote nje. Akasema jingine, wakacheka hata zaidi. Kisha akaonyesha kwa kidole kule nyumbani nilikokuwa nimefungiwa na mashangazi, na watu wakaacha kucheka.

"Hapo anataja ng'ombe," Mama akasema.

"Ng'ombe anazibwa mdomo, Mama?"

"Si nilikuwepo?"

"Basi kama ulikuwepo niambie alisema nini."

"Mimi nilikuwa nawaza kama pilau itatosha," akasema. "Nilisikia mwisho tu, nikalia, na hata huo mwisho sasa umenitoka."

Nikamgeukia Baba. Alikuwa ameinamia kompyuta, midomo yake inatikisika, na mkono wake wa kushoto ameuweka mdomoni. "Ehe," akasema. "Ehe, ehe." Nikafikiri ana kiu. Nikamletea maji, akayasukuma. Nikafikiri ni jino. Akafumba macho kwa kuchoka nami, na mimi nikajisikia mjinga kuliko ile kompyuta. Nilikuwa na baba wawili sebuleni, wote wanasema na hakuna anayesikika, na jambo ninalolitafuta liko kwa wote wawili.

Jumamosi nikarudi kwa mtu wa muvi, na hapa naomba nikumbuke maneno yangu sawasawa. Duka limejaa, watu wanataka muvi zao za wikendi. Nikampa flashi nikamwambia, "Picha iko. Shida yangu ni sauti tu."

"Sauti tu?" akauliza.

"Sauti tu," nikajibu.

Akabofyabofya huku anahudumia wengine, kisha akasema tayari, nimekutolea, nikuwekee wapi. Nikamwambia kwenye simu yangu, maana flashi ilikuwa imejaa. Akaniuliza kama nataka kuonja. Nikakataa. Nilitaka nisikie nikiwa na Baba, si pale dukani na watu wamenizunguka. Nilipanda ngazi nikicheka peke yangu, nafika juu stima imepotea, na simu haikuwa na chaji ya kuaminika. Nikasema tutafungua kesho. Nikaiweka flashi juu ya kompyuta, simu nikaizima.

Kesho yake, Jumapili, kaka yangu mkubwa akaja kumwona mzee. Kaka yangu ana moyo mzuri na mikono ya haraka, na ni lazima nieleze neno moja ili msimchukie. Huku kwetu fomati ni dawa. Simu ikizubaa, ifomati. Kompyuta ikijaa virusi, ifomati. Kufomati ni kufuta kila kitu ili chombo kianze upya, na sijawahi kusikia mtu wa mtaani akilitumia neno hilo kwa maana nyingine. Basi mimi niko jikoni nasukuma chapati, Baba amelala, na kaka yangu amekaa kwenye kompyuta anataka kutusaidia. Nikamwita kutoka jikoni nikamwambia programu iko pale, lakini yeye alishachomeka flashi na kubofya kwa njia ile ya zamani, na kile kidirisha cheupe kikamtokea. Akasoma. Akaona neno fomati.

Akaja mlangoni mwa jikoni anatabasamu. "Sistee, hiyo kitu nimeitengeneza. Ilikuwa inaomba fomati. Nikaipa."

Nikamuuliza ameipa nini.

"Fomati. Si imeandikwa hapo? Sasa iko safi, kama mpya."

Nilikwenda nikatazama. Ilikuwa kama mpya kweli, tupu. Mikono yangu ina unga mpaka viwikoni, na kaka yangu bado anatabasamu kwa sababu hajaelewa. Na kwa kuwa Baba alikuwa amelala pale pale kwenye kiti chake, nilimfokea kaka yangu kwa kunong'ona. Nilimwita kila jina ninalolijua, kwa kunong'ona. Nilimwambia amemfuta baba yake, na wala haombi msamaha, na aondoke nyumbani kwangu kabla sijamrushia kifimbo cha chapati. Watoto walisimama mlangoni wakitutazama, hawaelewi ugomvi gani huu usio na sauti. Kaka yangu akakaa chini sakafuni, mtu mzima, akashika kichwa.

Kisha nikakumbuka simu. Nguvu zikanirudi. Nilimwambia kaka yangu ainuke, una bahati kuliko akili, iko kwenye simu. Baba akawa ameamka na zogo letu la kunong'onezana. Tukaunganisha simu na kompyuta kwa waya, tukapanga viti, Mama akavaa miwani yake tena, nikanawa unga. Nikabofya.

Kioo kikawa cheusi. Katikati kulikuwa na kialama kidogo cha muziki. Nikangoja picha ije. Nikasogeza mbele, nyuma. Cheusi. Nikampigia mtu wa muvi nikamwambia umenipa giza.

"Madam, si ulisema sauti tu?" akajibu. "Nikatoa sauti, picha nikaacha huko kwa flashi. Leta flashi nikupatie zote mbili."

Nikakata simu. Sikujua nicheke au nilie. Picha ilikuwa kwenye flashi, flashi iko safi kama mpya. Baba mrefu wa suti ya kahawia hayupo tena popote, isipokuwa kwenye ile video ya kwaya, na pale anakwenda polepole kama mgonjwa. Nikawaambia. Kaka yangu akageukia dirishani. Mimi nikaanza kusema sitaki tena, zimeni, na Mama ndiye aliyenikatiza.

"Picha ya nini?" akasema. "Si huyo hapo amekaa. Weka tumsikie."

Nikaweka. Kwanza vikombe, mtoto analia mbali, maikrofoni inapiga yowe. Kisha sauti ya baba yangu ikaingia sebuleni kwetu, nzito, ina mzaha ndani yake, ile niliyokuwa nimeanza kuisahau bila kujua. Nilimtazama yeye kwenye kiti. Midomo yake ilikuwa imeanza kutikisika.

"Mimi mnayeniona ni mtu wa usiku," sauti ikasema. "Kiwanda kilinipa zamu ya usiku kabla huyu msichana hajajua kutembea. Tulikuwa na chumba kimoja, Huruma. Mchana mimi nalala. Sasa mtoto atacheza wapi? Pale pale, miguuni pa kitanda. Mamake akamfundisha kucheza bila sauti. Akitaka kucheka, anaziba mdomo kwanza. Hivi."

Watu wakacheka, na kabla hawajacheka Baba kwenye kiti alikuwa ameshainua mkono wa kushoto akauweka mdomoni. Ndiyo ehe aliyokuwa ananiambia siku ile nikamletea maji.

"Jirani mmoja alimuuliza mamake polepole kama mtoto ni bubu." Wakacheka zaidi, nikasikia hata sauti ya kaka yangu miongoni mwao. "Sasa niwaambie siri. Mimi sikuwa nalala kila saa. Mara nyingine nafungua jicho, namwona anacheka amejiziba, mabega yanatikisika. Ningeweza kumwambia, cheka, mwanangu. Sikusema. Nilitaka usingizi wangu, nikafumba jicho."

Hapo ndipo watu waliponyamaza. Mimi chumba kile nakikumbuka vibaya, nakumbuka pazia na mguu wa kitanda, lakini kiganja nikakikumbuka, joto la pumzi yangu mwenyewe ndani yake. Nilikuwa nadhani watoto wote hucheka hivyo.

"Bwana harusi," sauti ikasema, "sikuombi ng'ombe mwingine, wale umeleta wametosha."

"Si nilisema ng'ombe," Mama akanong'ona.

"Nakuomba kitu kimoja. Kwangu huyu alinyamaza, akanyamaza vya kutosha. Kwako akitaka kupiga kelele, mwache apige."

Kisha makofi, maikrofoni ikagongwa, basi. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na shati la kanisani, amesikia kwa mara ya kwanza maneno aliyoambiwa yeye. Mimi nililia, sina haja ya kuficha. Nililia na kaka yangu akalia, na Mama akavua miwani akaipangusa kwa kanga, kama alivyonifundisha kupangusa flashi.

Baba alikuwa ananitazama. Akainua mkono wa kushoto, kiganja juu.

"Turudie?" nikamuuliza.

"Ehe." Akauinua tena, juu zaidi.

Nikarudisha mwanzo. Akauinua tena, na macho yamenikazia, na safari hii sikumletea maji. Nikaongeza sauti ya spika. Bado mkono uko juu. Nikaongeza mpaka mwisho, zikaanza kukwaruza. Watoto wakatoka chumbani mbio kuja kuona ni nani anayeongea hivyo nyumbani kwetu, na waliposikia habari ya bubu wakaangua kicheko, midomo wazi, na mimi nikacheka nao. Chini jirani akaanza kugonga dari kwa ufagio wake, vikombe vikatikisika mezani. Nikamwacha agonge.